Waliokwenda Samburu Kununua Mbuzi

Siku yangu ya kwanza kazini niliajiriwa kama mtoto mchanga. Nilikuwa na umri wa miaka saba, mwajiri alikuwa binamu yangu Mejumaa wa darasa la sita, na ofisi ilikuwa nyuma ya jiko la Bibi, kijijini Mwabungo. Masharti ya kazi: kulala juu ya kanga na kulia nikifinywa. Kazi yenyewe iliitwa kalongolongo, mchezo wa kuigiza baba, mama na watoto. Nawaeleza ninyi wadogo mnaoshinda na simu za wazazi wenu, kwa kuwa sasa niko kidato cha nne, nimestaafu, na mstaafu ana haki ya kuwasumbua watu kwa kumbukumbu zake.

Enzi zetu kalongolongo ilikuwa na ugonjwa mmoja: wachezaji walikuwa na mama zao. Mko katikati ya harusi, bwana harusi anaitwa akasagishe mahindi. Akirudi anakuta kiti chake kimekaliwa, ngumi zinaanza, mchezo umekwisha. Siku hiyo aliitwa Bakari, baba yangu wa kalongolongo. Alipotoweka tu na ndoo yake ya mahindi, mtu akaanza kukisogelea kiti. Nikafungua mdomo pale pale kwenye kanga.

"Baba amekwenda Samburu kununua mbuzi. Msikalie kiti chake."

Nilitaja Samburu kwa sababu mjomba wangu alikuwa akienda huko kununua mbuzi, na kila akirudi alikuwa na kisa kipya cha kumweleza mkewe.

Mejumaa akaniinamia na mwiko wake uliojaa udongo. "Wewe si mtoto mchanga? Umeanza lini kusema?"

"Leo."

Akafikiri. "Basi kazi ya kulia nimekuachisha. Kuanzia sasa wewe ni msemaji. Juma, njoo ulale hapa, utafinywa."

Bakari aliporudi na unga tukamwambia anatoka Samburu. Akaswaga mbuzi wasioonekana mpaka mlangoni, mmoja akamponyoka, sote tukamkimbiza. Hakuna aliyepigana.

Hiyo ndiyo kazi ya msemaji: kusema kinachotokea, na hasa kumpa kila anayeondoka mahali pa kuwa. Kitaalamu tuliita kumpeleka mtu Samburu. Kulikuwa pia na kufa kwa mchana, yaani aliyeuawa kabla ya chakula hufufuka baada ya chakula, maana watu walikuwa wachache. Na kulikuwa na sheria ya Mejumaa isiyovunjwa: mtu hajisemei. Hujipeleki Samburu mwenyewe. Wanaobaki ndio wakupeleke.

Mejumaa alipopata kazi ya kutandika vitanda hotelini Diani, nilimfanya Malkia wa kisiwa cha Chale. Mpaka leo akipita na sare yake huuliza, "Kisiwa changu hakijaibwa?" Hata akiwa amechoka, hupita kifua mbele.

Kisha nikahamishiwa kwenye uandishi, sekondari, Msambweni, chini ya Mwalimu Mlezi wa Chama cha Uigizaji, mtu wa bara, mpole mpaka ashike kalamu nyekundu. Nilimpelekea mchezo wangu wa kwanza.

"Mwanamisi, wahusika wako wote wakitoka jukwaani wanakwenda Samburu. Kuna nini huko?"

"Mbuzi, Mwalimu."

"Wa kuwatosha watu wote hawa?"

"Hawatoshi. Ndiyo maana hawajarudi."

Akanirudishia karatasi niandike upya, ila akasema kila asiyerudi, watazamaji waambiwe yuko wapi. Nikamtazama kwa heshima mpya. Kumbe bara nako kuna majiko ya bibi.

Nimeipenda kazi hii kuliko chakula, na wanaonijua wanajua ninavyokula. Lakini mwaka huu Mama aliamua niingie bweni mpaka mitihani iishe. Kiinua mgongo changu kilikuwa kipande cha muhogo wa kukaanga chenye ndimu na pilipili, tena kilichokwisha kuumwa. Cheo nikamwachia mdogo wangu Kibibi, ambaye hukoroga udongo kutwa bila kutia neno, na hapo ndipo hofu ilipoanza. Asiponipeleka popote, nitakuwa nimeondoka tu, kama jirani aliyehama, na siku ya kurudi sitakuwa na kiti. Kujisemea siwezi. Sheria ni sheria.

Alasiri ya mwisho Mama akaita kutoka chumbani, "Mwanamisi, njoo ufunge sanduku lako."

Nikasimama, nikajipangusa mchanga, nikaelekea mlangoni polepole kama mwenye mwiba mguuni. Nyuma yangu nasikia mwiko wa Kibibi tu ukizunguka kwenye kifuu.

Mdogo wake Bakari akauliza, "Dada Mwanamisi amekwenda wapi?"

Mwiko ukasimama. "Samburu," akasema Kibibi.

"Kununua mbuzi?"

"Mbuzi tunao wengi mno. Amekwenda kuwarudisha wale watu wote."

Sikugeuka. Aliye njiani kwenda Samburu hasikii ya nyuma. Niliingia chumbani nikicheka peke yangu, Mama akanitazama.

"Unacheka nini?"

"Nitahitaji lori, Mama."

"Funga sanduku."