Kompyuta ya Baba Yapata Kasi

Baba yangu, mwalimu mstaafu wa Tetu, alikuwa ameacha kuandika. Kwa miaka minane alikuwa akiandika habari za maisha yake kwenye kompyuta kuukuu, aliyopewa shule yake ilipokuwa ikitupa za zamani. Jumamosi moja nilimkuta ameketi barazani, mikono mapajani, hana kazi.

"Mama," aliniambia. Huniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Hiyo mashine imenishinda. Nikiandika neno, linatokea wakati nimeshasahau nilitaka kusema nini."

Kaka yangu alikuwa amemletea laptop mpya, nayo ilikuwa bado kwenye katoni chini ya kitanda. Macho ya Baba yamefifia. Kwenye ile ya zamani alikuwa amejiwekea herufi kubwa nyeupe juu ya buluu, na vidole vyake vilijua kila kitufe. Hakutaka kuanza upya.

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta, niko na kibanda mtaani Majengo. Ya Baba nilikuwa nimeikatia tamaa bila hata kuifungua, na siku hiyo niliona aibu. Nilivuta kiti, nikaiwasha, nikaitazama tu. Nilipofungua kile kitabu cha maisha yake, taa ya diski iliwaka ikakataa kuzima, na ndani kukasikika mkwaruzo. Nikaelewa. Memori, pale mashine inaposhikilia kazi iliyo mbele yake, ilikuwa ndogo mno kubeba kitabu kilichokuwa kimenenepa mwaka baada ya mwaka. Kila ilipojaa, mashine ilihamishia mzigo kwenye diski, kisha ikaurudia, na diski yenyewe ilikuwa imechoka.

Kwanza nilinakili kitabu. Katikati, diski ilinyamaza. Baba alisimama nyuma yangu, nikasikia pumzi yake. "Ngoja," nikasema, ingawa sikujua tunangoja nini. Ikakwaruza tena, ikaendelea mpaka mwisho.

Memori za aina ile hazipatikani dukani. Nilizipata Chaka, kwa mzee mmoja anayeuza vyuma chakavu siku ya soko, ndani ya ndoo ya misumari. Nilizisugua kwa kifutio mpaka miguu yake ikang'aa. Nilipozipachika, mashine ilizihesabu zote, na Baba akaandika sentensi nzima bila taa kuwaka.

"Sasa inanisikia," alisema.

Lakini kuiwasha bado kulichukua muda wa kukamua ng'ombe wawili, na kufungua kitabu, ng'ombe wa tatu. Memori haingeweza kusaidia hapo, kwa maana kila kitu lazima kwanza kisomwe kutoka kwenye diski. Nikarudi Majengo kutafuta kitu cha kushika nafasi ya diski. Hatimaye nilinakili kila kilichokuwa kwenye diski ile, nikaing'oa, na mahali pake nikaweka adapta yenye kadi ya kuhifadhia picha za kamera, ambayo sasa ilibeba vyote, kadi ndogo kama biskuti, isiyo na kitu kinachozunguka ndani.

Mara ya kwanza mashine haikuitambua. Mara ya pili pia. Niligundua nimepindua waya. Nilipougeuza na kubonyeza swichi, kimya kilikuwa kikubwa hata Baba akauliza, "Imekufa?"

Kabla sijamjibu, mashine ilikuwa imeshamaliza kuwaka, inangoja. Alibonyeza mara mbili na kitabu kikafunguka hapo hapo, herufi nyeupe juu ya buluu. Baba alicheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tumzike Mama, mkewe. Nilipiga meza kwa ngumi, nikapiga kelele, jirani akaja kwenye ua kuuliza kuna nini.

"Binti yangu ameifufua!" Baba akamjibu kutoka dirishani.

Aliandika muda wote wa mvua za masika. Kitabu kilipokwisha, nilikichapisha kwa herufi kubwa kibandani kwangu, naye akakipeleka kanisani mwenyewe, ametembea, amekikumbatia kifuani. Baada ya ibada alisimama mbele, akawasomea watu sura aliyoandika juu ya Mama. Alipomaliza walisimama wote. Nilikuwa kwenye kiti cha pili, nalia bila kujificha, na mikono yangu ilikuwa bado na wino wa kuchapishia.