Vidonge vya Kuua Njaa

Mjukuu wangu anatumia dawa ya kukonda. Anaifuata farmasi ya katikati ya mji, na akirudi anapanda mzani kabla hata ya kuvua viatu. Mimi nilizaliwa katika nyumba ambamo mtu akikonda, majirani walikuja kuuliza ni nani anayemroga. Kwa hiyo nilimtazama tu, kisha nikamuuliza swali moja.

"Mutoto yako akicheka, unasikia kintu mu roho?"

"Kambo, mais iko ya appétit tu," akasema, yaani bibi, hii ni ya kupunguza hamu ya kula tu. Akacheka, akaenda zake.

Sikuwa ninamtania. Mimi pia nilimeza dawa ya kukonda, tena katika majira ambayo hakuna mtu katika komini ya Kenya, mtaa wetu hapa Lubumbashi, aliyekuwa na nyama ya kupunguza. Na kwa kuwa mjukuu wangu hana subira ya kusikiliza, nimeamua kuandika. Karatasi haiangalii simu.

Wakati ule mji uliitwa Elisabethville kwenye vibao vya barabara na Lubumbashi midomoni mwetu. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, ina bendera yake yenye misalaba ya shaba, na wakubwa waligombana kwenye redio asubuhi na jioni. Mimi nilishona. Kushona nilifundishwa na masista, na baada ya kuolewa nilikwenda kufanya kazi kwa Madame mmoja upande wa Golf, mtaa wa Wazungu, mke wa injinia, ambaye alikuwa na cherehani nzuri na hakujua kuitumia.

Kwanza kazi yangu kwake ilikuwa kuachia mishono, maana Madame alikuwa ananenepa. Kisha daktari wake akampa vidonge vyeupe, na kazi ikageuka: sasa nilikuwa napunguza. Fundi hahitaji mzani, pini zinamwambia. Gauni lililombana wakati wa Pasaka, mvua zilipoanza nilikuwa nalikunja kiunoni pande zote mbili.

Pini haziwezi kusema habari ya moyo, lakini macho ninayo. Asubuhi Madame aliimba, alihamisha viti, alitaka magauni matatu kwa mpigo na yote yaishe leo. Mchana alikaa barazani kimya. Binti yake alimletea picha aliyochora, nyumba na jua, naye akaitazama kama mtu anayetazama ukuta, akairudisha. Mtoto akaondoka akiburuta miguu. Nilidhani ni tabia ya Wazungu. Wazungu wana mambo mengi, huwezi kuyashona yote.

Vita vilipofika mjini kwenyewe, majandarme wa Katanga upande huu na askari wa kofia za buluu wa Umoja wa Mataifa upande ule, Madame na mumewe wakajaza gari ili wakimbilie Rhodesia. Aliniachia mabaki ya vitambaa, viatu vya binti yake, na kopo la vidonge vyake. Alisema Kiswahili kile cha Wazungu cha kuamuru jikoni.

"Kamata. Hii dawa ya njaa. Wewe kula moja asubuhi, njaa hapana."

Sijui alikuwa na haraka au alikuwa na huruma. Nilimshukuru kwa moyo wangu wote, maana moyo bado nilikuwa nao. Niliona nimepewa kitu kikubwa kuliko viatu. Kwake yeye njaa ilikuwa inamharibia umbo. Kwangu ilikuwa inaelekea kuwaua watoto. Husemwa adui muombee njaa, na siku zile ungedhani mji mzima una adui mmoja anayejua kusali.

Nyumbani tulikuwa wanne. Mimi, mama mkwe wangu, mtoto wa kiume aliyeanza kupoteza meno, na msichana mdogo aliyeanza kutembea. Mume wangu alikuwa makanika katika mgodi wa Kambove, na kila mwisho wa mwezi alirudi.

Lazima niseme jinsi alivyokuwa anarudi. Mtu akifika kwa watu husema "odi" mlangoni akangoja. Mwenye nyumba hasemi odi kwake. Mume wangu alipiga mlango kwa viganja vyote viwili kama ngoma, akauliza kwa sauti ya barabara nzima, "Munapika nini?" Nami nilimjibu kutoka ndani kwa kigelegele kimoja kirefu, kama vile analetwa bwana harusi. Ulikuwa utani wetu tangu mwezi wa kwanza wa ndoa. Mama mkwe alisema tutachoka, lakini hatukuchoka.

Basi reli ikakatika, barabara ya Likasi ikawa ya bunduki, na mume wangu akabaki Kambove. Soko la Kenya lilifunguka siku moja na kufungwa siku nyingine. Unga ukawa wa kupimwa kwa kikombe. Nikaanza kumeza kidonge asubuhi kwa chai isiyo na sukari, na fungu langu la bukari, ugali wetu, nikawa nalisukuma kwenye sahani za watoto.

Dawa ilifanya kazi, sitasema uongo. Njaa iliondoka kama mtu aliyeitwa nje. Mikono ikapata wepesi. Nilisugua sufuria mpaka chini, mahali ambapo hakuna mwanamke anayesugua. Nilisema bila kumeza mate, hata mama mkwe, ambaye ulimi wake haukujua Jumapili, akaniomba ninyamaze kidogo. Niliona nina furaha. Ilikuwa furaha ya cherehani inayozunguka bila kitambaa, lakini mtu aliye ndani yake hajui.

Kisha furaha hiyo ikaisha, nami nikaendelea kumeza, maana unga haukuongezeka. Msichana wangu alianguka kizingitini, mdomo ukatoka damu. Nikampangusa kama unavyopangusa meza. Alinitazama akingoja nimbembeleze, na alipoona siji, akanyamaza mwenyewe. Siku nyingine bomu lilianguka nyuma ya kanisa, watu wote wa kiwanja wakalala chini kifudifudi. Mimi nilikuwa nakunja pindo la sketi, nikamaliza pindo. Wanawake wakanisifu. "Ule mama iko na nguvu," walisema. Haikuwa nguvu. Mwoga ana kitu anachoogopa kupoteza, na mimi ndani palikuwa peupe.

Mama mkwe hakunisifu. Yeye aliona mifupa. Kwetu mke akikonda, aibu si yake, ni ya mume na ya ukoo wa mume. Watasema hawamlishi, watasema mama mkwe anakula peke yake. Alikaa karibu nami wakati wa chakula, magoti yake yakigusa yangu.

"Kula, mama. Mutoto yangu akirudia, atasema miye njo nilimaliza chakula yako."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Upepo?"

Alipoona matonge yangu yanaishia kwa watoto, akabadilisha njia. Akanifunga vikwembe vyake viwili, vitenge vizito, chini ya kikwembe changu, akavikaza kiunoni, akarudi nyuma kunitazama. Bado haikutosha. Nikachukua mabaki ya vitambaa vya Madame, nikayashona ndani ya blauzi, mabegani na ubavuni, na mengine nikayashona kama mto mdogo wa kuvaa nyuma. Nilikuwa fundi hodari. Kule Golf nilipunguza, huku Kenya nikaongeza. Nilipopita kwenda bombani majirani waliona mke wa mtu aliyelishwa, na mama mkwe alitembea nyuma yangu kichwa juu.

Wakati huo zikaja habari kwamba lori la wafanyakazi lililotoka Kambove lilipigwa risasi njiani. Mwanamke wa jirani aliniletea habari hizo akiwa tayari ameshika kichwa kwa mikono, kama tunavyofanya kwenye kilio. Mimi nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Uzi ukaingia mara ya kwanza. Nikautazama ule uzi. Mikono haikuwa imetetemeka hata kidogo.

Husemwa mficha maradhi, kilio kitamfichua. Kwangu kilio chenyewe kilikuwa kimekauka. Hapo ndipo nilipoelewa, kwa kichwa tu, kwamba kuna kitu kimetoka ndani yangu na sikukiona kikitoka. Kwamba ni vidonge, wazo hilo halikunijia. Nilidhani ni vita, nilidhani ni kukaa bila mume. Nikajiambia: akirudi, akapiga mlango wake, kitarudi pamoja naye. Nikawa namngoja kwa ajili hiyo. Wengine waliomba arudi ili awe hai. Mimi niliomba arudi ili nijue kama mimi ni hai.

Mama mkwe naye alijiandaa kwa njia yake. "Siku akifika, upige bigelegele, bantu bote basikie," aliniambia kila asubuhi akinikaza vikwembe. "Banasema alikufwa. Basikie."

Alifika mchana, baada ya Krismasi, risasi zilipokuwa zimenyamaza. Nilikuwa kwenye cherehani. Mlango ukapigwa kwa viganja viwili.

"Munapika nini?"

Nilifungua mdomo. Ulimi ulikuwa mkavu, lakini hata ungekuwa na maji ni yaleyale. Nilitafuta kifuani kile kitu kinachosukuma kigelegele kitoke, nikakuta sebule tupu. Mama mkwe alinigeukia, macho yamemtoka. Mlango ukapigwa tena, taratibu zaidi.

"Munapika nini?" Sauti ilikuwa imeshuka.

Nikanyanyuka, nikafungua. Alikuwa na ndevu, miguu imevimba kwa kutembea porini, begani kibegi cha unga alichobeba kutoka sijui wapi. Nikasema, "Umefika."

Mama mkwe ndiye aliyepiga vigelegele. Majirani wakamiminika, wakapiga wao, wakamshika kichwa na mabega, wakacheza mpaka vumbi likapanda. Mume wangu alinitazama juu ya vichwa vyao. Mimi nilikuwa nimepokea unga, nikaufungua kuona kama una wadudu.

Walipoondoka alikuja kunikumbatia. Mikono yake ikakuta vitambaa. Akafungua kikwembe cha kwanza, cha pili, cha tatu, na alipofika kwangu mwenyewe akakaa chini na kulia. Alidhani ni njaa. Nilishika kichwa chake magotini, na nakumbuka niliona kola yake imechanika, nikawaza uzi wa rangi gani utafaa.

"Haunifurahie?" akaniuliza.

"Ninafurahi," nikasema, kwa sauti ya kusema mvua inanyesha.

Hakuuliza tena. Wanawake wa kiwanja waliuliza kwa niaba yake, na wakajijibu wenyewe: mke asiyefurahi ana mtu mwingine. Mama mkwe aliwatukana kisimani na bombani, lakini hata yeye aliniangalia kwa pembe ya jicho. Mume wangu alikuwa mpole. Aliketi mbali kidogo nami, kama unavyoketi karibu na mtu ambaye hamjajuana.

Vidonge viliisha muda mfupi baadaye. Nililala kama mzigo, nikaamka na njaa ya fisi, nikala bukari na mboga ya lenga-lenga mpaka mama mkwe akamshukuru Bikira Maria kwa sauti. Kisha zikaja siku nyeusi, sikutaka hata kuona sindano. Nikazivuka, sijui vipi.

Halafu asubuhi moja nilikuwa bombani nafua. Sabuni ikaniponyoka, ikateleza mpaka kwenye miguu ya msichana wangu, naye akacheka. Kicheko chake kikaniingia hapa, chini ya titi, kikauma. Niliacha nguo ndani ya beseni. Niliwaza: mume wangu yuko hai. Alitembea porini na miguu imevimba, akaja kwangu na unga. Furaha ile yote, iliyokuwa imekaa mahali sipajui, ikanijia kwa mara moja, nikakimbia nayo mpaka nyumbani, na mlangoni nikapiga kigelegele kirefu kuliko vyote nilivyowahi kupiga. Machozi yalikuwa yananitiririka. Majirani wakatoka wote.

Mume wangu alikuwa uani anatengeneza baiskeli. Akanyanyuka, mikono ina mafuta.

"Nani anafika?" akauliza.

"Weye," nikasema.

Akageuka kutazama barabarani nyuma yake, kama kuna mtu.

"Miye nilifika tangu zamani," akasema, si kwa hasira. Akarudi kwenye baiskeli yake.

Nilimweleza baadaye, nilipojua kwamba ni vidonge vilivyoninyang'anya moyo. Nilipomkumbuka Madame na ile picha ya nyumba na jua, nilimwelezea habari ya vidonge vyote, nikamwonyesha kopo tupu. Alinisikiliza, akasema ameelewa, na naamini alielewa. Tulizaa watoto wengine. Tuliishi pamoja mpaka nikamzika, na siku hiyo nililia kama watu.

Lakini mlango hakuupiga tena. Maisha yake yote, akitoka kazini, alisimama nje ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akasema "Odi" kwa sauti ya chini. Mimi nilimjibu kwa kigelegele kila siku, hata nilipozeeka na meno yakapungua. Alitabasamu, akafuta miguu, akangoja mpaka niseme karibu.