Rimu Mbili za Mpishi Silvère

Silvère alipika Kiyovu, mtaa wa wakubwa mjini Kigali, miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemsikia akisema "sijaelewa". Aliliona neno hilo ni la watu wa kufagia uani. Mpishi, alisema, haulizi mara mbili. Ndiyo maana siku moja bwana wake, Mbelgiji mmoja mpole, alipoomba kwa Kifaransa "beni", yaani maji ya kuoga, Silvère alisikia "peni", yaani mkate, akampelekea mkate na siagi. Mbelgiji aliula akiwa amejifunga taulo. Nimesema alikuwa mpole.

Mbelgiji huyo aliondoka mwezi wa kumi mwaka wa 1990, vita vilipoanza, na hakurudi. Mwaka wa 1992 ikaja barua yake: nyumba amemrudishia mwenyewe, ila mashua iliyo nyuma ya jikoni, pamoja na trela lake, ni ya Silvère. Injini yake ilikuwa imeuzwa zamani, lakini mbao zilikuwa nzima, na watu sita waliweza kukaa bila kukanyagana.

Gaudiose, mkewe, alizaliwa ukingoni mwa ziwa Muhazi, upande wa Rwamagana. Watu wa kwao walikuwa wakizunguka kwa miguu karibu nusu siku kufika soko la ng'ambo. Silvère alikuwa amefika miaka hamsini na sita, hana kazi, na Kiyovu hakuna aliyetaka tena mpishi mwenye mvi. Akaamua kwamba atavusha watu.

"Wewe?" Gaudiose alimwuliza. "Wewe ambaye hata beseni unaliingia kwa kulishikilia?"

Lakini mwenye nyumba alikuwa amepata mpangaji wa kuingia Jumamosi. Alisema wazi kwamba mashua ikikutwa uani saa mbili asubuhi, itapigwa msumeno iwe banda la kuku. Siku aliyosema hayo ilikuwa Jumatatu, na trela lilikuwa limesimama juani karibu miaka miwili.

Silvère alifungua gurudumu moja akalisukuma kwa mikono, amevaa viatu vyake vya kazi vyeupe, toka Kiyovu hadi Biryogo kwa Usumani wa matairi. Mimi nilikuwapo. Benchi la Usumani lina kivuli na chai yake ina tangawizi, kwa hiyo nilikuwapo mara nyingi.

"Fundi, angalia," Silvère alisema. "Tairi iko muzuri. Meno yote iko."

Usumani aliibonyeza ubavuni kwa kidole gumba. Nyufa zikafunguka kama midomo.

"Nina mjomba ana meno yote," alisema. "Taabu yake ni ufizi. Tairi ikikaa mahali pamoja mwaka baada ya mwaka hufia ubavuni, meno yakabaki yanacheka peke yao."

Silvère hakupenda huyo mjomba. Akaelekeza kidole kwenye tairi mbili pana zilizoning'inia mlangoni, zenye maandishi meupe.

"Basi nipe zile."

"Zile za kuendea harusini, bwana Silvère. Trela halina harusi. Halikati kona kwa madaha, linaburutwa tu na mzigo wake mgongoni. Lipe tairi nyembamba yenye mbavu ngumu." Akatoa mbili za kigari cha mizigo, akamwonyesha namba zilizochapwa ubavuni. "Hizi zinakwambia itaingia au haitaingia. Hii ndogo ya mwisho, ya uzito, ambayo hamuisomi, ndiyo inayokwambia utafika."

Kisha akagonga chuma cha gurudumu kwa nyundo, na nyundo ikapita. Kutu ilikuwa imekula mahali pote pa kufungia nati.

Sasa, baba yake Usumani alitoka pande za Bagamoyo, na Usumani mwenyewe alijifunzia kazi Kampala. Kile chuma cha duara ambacho Kigali nzima inakiita janti, yeye hukiita rimu.

"Tairi ninazo," alisema. "Rimu sina. Tangu mpaka wa Gatuna ufungwe mali inazungukia Rusumo, inachelewa. Katafute rimu mbili. Kumi na tatu, matundu manne, zote zilingane. Niletee Ijumaa baada ya swala."

Silvère aliitikia kwa kichwa. Nami nilidhani ameelewa kama mimi nilivyoelewa. Lakini katika Kifaransa cha Kiyovu kuna neno linalotamkwa "ram", nalo ni kasia. Alilisikia kila Jumapili bwana wake akijiandaa kwenda ziwani. Njia nzima ya kurudi alimsifu Usumani moyoni: fundi ana akili huyu, injini hakuna, na sisi sote tumesahau makasia.

Akaenda Gakinjiro kwa seremala Évode.

"Nataka makasia mawili. Kumi na tatu."

"Kumi na tatu nini, muzee?"

Silvère alifikiri kidogo. "Shibiri."

"Sawa."

"Na matundu manne."

"Yote mawili?"

"Kila moja manne. Na zilingane."

Évode aliweka penseli chini. "Kasia na matundu, wapi na wapi?"

"Wewe umetengeneza mashua ngapi?"

Évode hakuwa ametengeneza hata moja. Akachukua keke, akatoboa.

Ijumaa watu walipokuwa wanatoka msikitini walimwona Silvère anateremka na makasia begani, marefu kuliko yeye kwa mbali. Kila alipogeuka kumsalimu mtu, watu wengine wanne waliinama. Aliyalaza mbele ya Usumani kama anavyoandaa meza.

"Zimelingana," alisema.

Usumani alihesabu matundu polepole, kwa kidole. "Bwana Silvère, hizi nizifunge kwenye ekseli?"

"Fundi ni wewe."

"Nilikwambia rimu."

"Si ndizo hizi? Ram."

"Janti," nikasema mimi.

Benchi zima liliangua kicheko. Silvère hakucheka. Alikaa juu ya tairi moja, akashika magoti. "Kumbe janti," alisema kwa sauti ndogo. "Na kesho saa mbili wanaleta musumeno."

Kicheko kikaisha chenyewe. Usumani aligeuka akatazama teksi yake ndogo ya buluu, ambayo huiosha kabla hajajiosha yeye. Magurudumu yake yalikuwa kumi na tatu, matundu manne. Baadaye aliniambia kwamba alijua tangu Jumatatu, akajifanya haoni.

"Kosa ni la ulimi wangu," alisema, akachukua jeki. "Ila rimu zangu hazisafiri zenyewe. Nakwenda nazo, narudi nazo."

Kesho yake, kabla ya saa mbili, pikapu ya ndizi iliivuta mashua nje ya geti, na teksi ya buluu ikabaki Biryogo imekalia mawe. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliyageuza makasia akauliza kwa nini yametobolewa.

"Ni ya Ulaya," Silvère alijibu. Hata askari hakuuliza mara ya pili.

Muhazi waliishusha mashua majini. Usumani akafungua magurudumu yake papo hapo, akakaa kwenye nyasi, mkono juu ya kila moja, kungoja gari la kurudi. Gaudiose aliingia mashuani wa kwanza, akayatazama makasia, akamwuliza mumewe:

"Baba Kaliza, tunavuka au tunachuja chai?"

"Matundu yanapunguza uzito," alisema Silvère, akaanza kupiga.

Walikwenda upande upande kidogo, lakini walifika.

Nilipita huko miezi michache baadaye, siku ya soko, nikamkuta anavusha watu na mbuzi wao. Mvushaji mwenzake alikuwa amefunga mtumbwi karibu, na kafi lake lilikuwa na matundu mawili. Nilimwuliza kwa nini mawili.

"Manne, mzee," alisema, "ni ya mtu aliyesomea Kiyovu."