Kamera Isiyosubiri Mtu

Wenceslas, mpiga picha wa harusi na misiba pale Tshopo, mojawapo ya komini za mji, alikuwa na kamera moja ndogo ya mfukoni, na kiburi cha kamera hiyo kilimshinda hata mwenye nayo. Ukiiwasha, lenzi inatoka ikipenda. Isipopenda, unaipiga kikofi mgongoni. Mfuniko wa betri ulishikiliwa na mpira wa baiskeli. Na uvivu wake, jamani! Unabonyeza, inalia "tii", halafu inanyamaza weee, ndipo mwanga unawaka.

Tshopo nzima ilishaizoea. Kabla ya "tii" hakuna aliyejisumbua: huyu anatafuna, yule anavuta libaya, blauzi yake ya kitenge, mabegani, mwingine anagombana na shemeji. "Tii" ikilia tu, matumbo yanaingia ndani, mikono inatafuta bega la jirani, sura zinakuja. Mwanga ukiwaka, wote wamekuwa mabalozi.

Basi Mama Georgette, muuza chikwangue, ile mikate ya muhogo, akapata siku yake. Yeye na Papa Léopold walikuwa wameishi pamoja mpaka wajukuu, na sasa padri angewafungisha ndoa. Alitaka picha moja tu ya kutundika sebuleni, awafunge midomo wifi zake, hasa Micheline, ambaye mpaka siku hiyo alimwita "rafiki wa kaka yetu".

"Papa Wenceslas," alimwambia, "siku yangu usilete ile kitu ya mupira. Leta mashini ya kweli."

Neno hilo lilimchoma. Akaenda dukani kwa Paluku, muuza redio na simu, akaazimwa kamera mpya: aijaribu harusini, akiipenda ainunue. Mlangoni mwa kanisa alikuwa ameshaipenda. Ilikuwa nyepesi, inang'aa, haikohoi wala hailii. Akabonyeza, akabonyeza tena, kidole kikaona raha. Jua lilikuwa kali, kwenye kioo haoni kitu, lakini wasiwasi wa nini? Wageni nao walisubiri "tii". Hawakuisikia, wakadhani bado anaipangusa.

Kesho yake akazifungua picha nyumbani kwa maharusi. Ole wake! Papa Léopold anajikuna kwapa. Padri yuko katikati ya chafya. Bibi harusi, shela limeangukia begani, kidole juu, anamkaripia mpishi. Hakuna picha hata moja iliyopona, na zote safi kabisa, nywele za pua unaziona.

Micheline alicheka mpaka akaketi chini. Akasema rafiki wa kaka yao kweli anajua kugombana. Mama Georgette alikunja shela lake polepole, machozi yakimtoka, na Wenceslas akatamani ardhi ipasuke immeze.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile ya mpira. "Mama, vaa tena."

Walivaa tena wote, wakalalamika njia nzima mpaka mlangoni mwa kanisa. Aliyelalamika zaidi ni Micheline, na hata walipopangwa alikuwa bado anasema. Lenzi ikagoma. Kikofi. Ikatoka. Wenceslas akabonyeza.

"Tii."

Matumbo yakaingia. Papa Léopold akamshika mkewe mkono. Na Micheline, kwa mazoea ya miaka yote, akanyamaza, akatabasamu, mkono wake ukaenda wenyewe ukatua kwenye bega la Mama Georgette. Alipokumbuka ni bega la nani, mwanga ulikuwa umeshawaka.

Picha hiyo iko sebuleni mpaka leo. Micheline akija anapewa kiti kinachoitazama, na siku hizi anamwita Mama Georgette "wifi", tena taratibu.

Wenceslas aliirudisha kamera mpya dukani siku ileile ya picha. Paluku akaigeuza huku na huku, akauliza ina ubaya gani.

"Iko mbio sana," Wenceslas akasema. "Inakamata mutu mbele ya yeye mwenyewe kufika."