Wifi Alimwaga Mboga ya Mwisho ya Mama, Sasa Anaitamani

Umoja, Nairobi
Juni 1996

Kwa Mama Mshauri na wasomaji wa ukurasa huu,

Naomba ulifiche jina langu, maana wifi yangu huusoma ukurasa wako kuliko anavyosoma Biblia. Nina miaka ishirini na tisa, sijaolewa, nilisoma hadi kidato cha pili, na nashona sare za shule. Niliishi na mama yangu hapa Umoja mpaka alipofariki mwaka jana. Watu husema mimi ni mpole. Leo siandiki kwa upole.

Sisi watu wa magharibi mwa Kenya tuna mboga iitwayo saga. Majani yake ni makali, kwa hivyo hailiwi siku inapopikwa. Mama aliichemsha kwenye chungu cha udongo na munyu, ile chumvi ya maji inayochujwa kutoka kwa majivu ya maganda ya maharagwe. Kila siku aliiongezea maziwa na kuipasha moto polepole, mpaka siku ya tatu ukali umekwisha, mboga imelainika na kupata uchachu kidogo, na harufu yake imefika kwa jirani. Alikuwa akisema, "Ya leo ni ya wageni. Ya kesho kutwa ndiyo ya wenye nyumba." Chungu chake hakikujua sabuni. Alikisuuza kwa maji ya moto tu, akisema utamu hukaa ndani ya udongo wenyewe.

Asubuhi ya siku aliyofariki alikuwa ameongeza maziwa mara ya pili. Niliinua kifuniko nionje, akanigonga mkono na mwiko kama mtoto. "Wacha tamaa. Mpaka kesho." Nikacheka, nikaenda kazini. Mchana jirani akanifuata huko: mama alikuwa ameanguka akianika nguo. Hakufika hospitalini.

Kesho yake nyumba ilijaa waombolezaji. Mimi na kaka yangu tulikwenda mochari kupeleka nguo za mama. Tukirudi nilikuwa na wazo moja tu, mnicheke mkitaka: nikifika nitachukua kijiko nile ile mboga, kwa kuwa ndiyo siku aliyoniambia.

Nilikuta chungu kimeinamishwa juani, ndani kimesuguliwa kama kimetoka kununuliwa. Wifi, mke wa kaka yangu, alikuwa bado ameshika waya wa kusugulia, povu hadi viwikoni. Yeye ni mzaliwa wa Nairobi. Kwao magharibi hupaona Desemba tu.

"Wifi, mboga iko wapi?"

"Ile kitu? Ai! Si ilikuwa imeoza! Nimemwaga choo. Haki ya Mungu, mngekufa wote mfuatane na Mama."

Wanawake waliokuwa wakimenya viazi wakacheka. Mmoja akasema, "Hawa watoto wa Nairobi!" Nilipiga nduru ambayo hata mochari sikupiga. Shangazi yangu akanivuta kando, akaninong'oneza kwa ukali, "Nyamaza. Mtu amekufa na wewe unalilia mboga?"

Ndiyo, Shangazi, nililia mboga. Mama niliyemwona mochari alikuwa baridi, hakunijua. Ile mboga aliipika akiwa mzima, akinipikia mimi. Alinikataza nisiionje, nikamtii, na kwa utii wangu sikupata hata tone. Nani angenielewa? Wifi hakuniomba msamaha hata siku moja. Badala yake alikifanya kilio changu kichekesho. Kwenye harusi, kwenye sherehe za ubatizo, anasimulia: "Huyu alinililia juu ya mboga imeoza!" Watu wanacheka, nami ninapita na sahani za wageni kama sisikii.

Sasa sikieni. Wifi ana mimba kubwa. Hakuna chakula kinachokaa tumboni. Wali anatapika, ugali anatapika, hata chai. Jumapili iliyopita alikuja na kaka, akaketi kwenye kiti cha mama, akasema bila kunitazama, "Wifi, kuna kitu natamani mpaka nalia. Ile harufu ya siku ile nikisugua chungu. Hiyo ndiyo inanijia. Nipikie."

Nikamwambia, "Kaitafute pale ulipoimwaga."

Akaangua kilio. Kaka akapiga meza. "Dada, wacha roho mbaya! Si yeye anaitisha, ni mtoto. Akiwa msichana tunataka kumpa jina la Mama. Lakini kama hutaki kupika, tutatafuta jina lingine, na wewe usijiite shangazi ya mtu."

Hawakujua kitu kimoja. Nyuma ya kabati nina chupa ya munyu aliouchuja mama mwenyewe. Umebaki wa kupika chungu kimoja tu. Nimejaribu kuchuja wangu mara nyingi, unatoka mkali au unatoka maji matupu. Ile chupa nilikuwa nimejiwekea mimi, siku nitakayokuwa na nguvu ya kupika saga, na siku ya tatu ikifika nikae peke yangu, nile mpaka iishe. Sasa anayeitaka ni yule yule aliyeimwaga. Nikimpa, ya mama imekwisha, na pengine atatapika. Nikimnyima, anayenyimwa ni mjukuu wa kwanza wa mama, ambaye hakunikosea lolote.

Kaka atapita Jumamosi kuchukua jibu. Hasira haijanitoka, na sitaki mniambie nimsamehe tu kwa sababu imeandikwa. Nyinyi mliozika mama zenu, nijibuni kama mnavyomjibu ndugu: nipike, au niifiche chupa yangu?

Na yeyote atakayesali jioni ya leo, naomba anikumbuke.

Mimi, binti wa Umoja