Nyayo za Kandambili Jangwani

Mwanangu, iko siku moja nikiikumbuka hata sasa mwili hunisisimka. Wewe umefika Riyadh juzi, bado unakodolea macho majengo ya Olaya. Haya, shangaa, ndio ugeni. Ila leo nikwambie kilichonishangaza mimi, nilipokuwa msichana kama wewe, nimetoka Mombasa na begi moja na maneno mengi.

Nyumba yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa mtaa wa Al-Suwaidi, humu humu Riyadh. Bosi alikuwa mpenda silaha, si mchezo. Kwenye ukumbi wa wageni aliweka kabati la kioo lenye vitu vya zamani vya Marekani, vya wakati askari wa farasi walipokuwa wakiwasaka Waapache, wenyeji wa nchi ile, milimani. Mlikuwa na bunduki fupi ya kutia risasi moja moja, mkanda wa kuchomekea risasi, na chupa ya maji ya bati iliyovikwa kitambaa. Pembeni vilikaa viatu vya ngozi laini, virefu hadi magotini, ncha zake zimepinda juu. Hivyo vilikuwa vya skauti, Waapache walioajiriwa na jeshi kufuata nyayo za Waapache wenzao. Nikifuta kile kioo nilikuwa nabana pumzi, utadhani wenyewe wamesimama nyuma yangu.

Wageni wote waliisifu bunduki. Baba yake bosi, mzee wa Kibedui aliyewahi kufuata nyayo za watu mpakani pamoja na walinzi, hakuitupia jicho. Yeye alitazama viatu, akacheka peke yake.

"Huyu namjua," aliniambia. "Ncha hii ni ya kukinga vidole na miiba. Askari alibeba bunduki, lakini bila mwenye viatu hivi angempiga nani?"

Nikasema moyoni, uzee nao. Kumbe wahenga walishanena, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Baridi ilipoingia, familia ilikwenda kupiga kambi jangwani, kama desturi yao. Alasiri moja nilivua kandambili zangu nisiziloweshe, nikawa nasugua masufuria nyuma ya hema, na Nura, binti yao wa miaka minne, yuko kwa mama yake. Mara nikasikia madam, mke wa bosi, anauliza Nura yuko wapi. Tukatazama mahemani, mafi, hayupo. Tukatazama ndani ya magari, mafi. Jangwa la wakati ule usiku wake unaua, mwanangu, na jua lilishainama. Na yaya ni mimi. Mtoto asipopatikana, nani angenisikiliza?

Bosi akashika bunduki yake ya kuwindia, akapiga hewani ili mtoto asikie arudi. Akapiga tena na tena. Ndugu zake wakawasha magari, kila mmoja akashika njia yake. Mimi nikakimbia pekupeku huku na huku, nikipiga mayowe kama niliyepagawa.

"Halas, basi!" Mzee alikuwa amesimama katikati ya kambi. "Zimeni magari. Wewe, shusha bunduki. Na wewe binti, keti. Kelele zako hazimwiti mtoto, zinanifumba macho mimi."

Niliketi. Mzee akainama, akaanza kuizunguka kambi taratibu, mpaka nikatamani kumsukuma mgongoni. Upande wa machweo akachuchumaa. Palikuwa na alama za kandambili zangu zinaelekea nje. Wale ndugu walikuwa wameziona wakazipita, maana wao walitafuta vidole vidogo vya mtoto, na za yaya zina kazi gani?

"Kandambili zako ziko wapi?" akaniuliza.

Nikajitazama miguuni. Wallahi hata sikujua.

"Tembea hapa."

Nikatembea. Akautazama unyayo wangu, akautazama ule wa kandambili. "Wewe mchanga unazama. Huyu anaburuta, na mchanga haukuzama. Ni mtu mwepesi ndani ya kiatu kikubwa."

Nywele zilinisimama. Tukamfuata kwa mstari, hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Pale ambapo mimi niliona mchanga mtupu, yeye alisema hapa alikaa, hapa alichezea jiwe. Nilimwogopa, sikufichi, kwa jinsi mtu anavyoweza kuona. Kisha akasimama ghafla. "Hapa ameanza kukimbia," akasema, na mbele yetu kandambili moja ilikuwa imelala chali.

Tulimkuta Nura nyuma ya kichaka cha miiba, amejikunja, mikono masikioni, anatetemeka. Bosi alipiga magoti mbele yake.

"Nura, mbona nilikuita hukuja?"

"Nilisikia bunduki," mtoto akasema. "Nikakimbia isinipate."

Bosi akaivua bunduki begani, akailaza mchangani mbali naye. Ndipo Nura alipokubali kubebwa na baba yake. Mzee hakumkemea mtu. Aliokota kandambili zangu zote mbili akanipa mkononi, mimi mtumishi, na machozi yakanitoka.

Basi sikiliza, mwanangu. Likikufika jambo, usianze na kishindo. Nimewaona wengi katika nchi hii na kwetu pia, wanampenda mtu kwa dhati lakini wanamtafuta kwa ukali, halafu wanashangaa kwa nini anazidi kwenda mbali. Mume umemkosea, mwana amekuasi, rafiki amekununia: weka chini kwanza kile kinachomtisha, kiwe ni mkono wako au huu ulimi wako ninaoujua mimi. Halafu inama utazame alikopita. Pole pole ndio mwendo, na aliyepotea hufuatwa na mtu aliyetulia.

Mungu akupe macho ya kuona na moyo wa subira. Na kila utakayemwita kwa mapenzi, akusikie, akujie, asikukimbie. Amin.