Mkono Wangu Chini ya Pazia la Hina

Sina uso wa kulisimulia hili, lakini kwa kuwa kisiwa kizima cha Amu kimeshalisimulia, tena vibaya, afadhali mlisikie kwa mwenyewe.

Mimi nina diploma ya ufundi wa sauti. Niliisomea Nairobi kwa jasho langu, hakuna mjomba aliyenichangia, na niliporudi nikakuta watu wanarekodi maulidi kwa simu iliyofungwa nguzoni kwa kamba (nilicheka hadi nikakaa chini). Basi jirani yetu Bi Shamsa alipokuja kunililia shida, nilimsikiliza kwa huruma ya mtu aliyesoma.

"Mama hawezi kuinuka kitandani," akasema, "na mwanangu Zena ameapa hatiwi hina ya harusi mpaka amsikie bibi yake akimsomea utendi wa dua. Nirekodie, hata kwa simu."

"Kwa simu?"

"Kwani kuna ndia nyengine?"

Ipo. Nina rekoda ya kaseti ya njia nne, kuukuu lakini chuma hasa: kila njia hushika sauti yake kwenye kanda ile ile, na kila moja ina kitufe chake cha kusukuma, juu sauti ipande, chini ishuke. Nikamrekodi bibi kwenye njia ya kwanza, nikarudi nyumbani, nikasikiliza, na chini ya dua kukawa na mvumo kama nyuki ndani ya debe. Nikabadilisha waya, nikasafisha kichwa cha mashine kwa spiriti na pamba, nikazima feni, nikazima friji (mama akapiga kelele, samaki wake), nyuki wako pale pale. Mwisho nikamkamata mwizi: kitufe cha njia ya nne kimeliwa na hewa ya chumvi, hata ukikishusha chini kabisa kinavujisha sauti mpaka ukikandamize. Ili kuthibitisha, nikajirekodi kwenye njia hiyo ya nne huku kanda inazunguka. Mtu wa kawaida angesema moja, mbili. Mimi nilikuwa na mengi kifuani, nikasema ya kifuani. Kisha nikakikandamiza kitufe kwa kukichomekea kijiti cha kiberiti, kukawa kimya, sauti ya bibi ikang'aa kama fedha. Kufuta maneno yangu nikaona kazi bure. Nani atayasikia?

Alasiri ya hina nikaipeleka mashine. Wanaume hatuingii, kwa hiyo nikampa Bi Shamsa mlangoni, kwenye pazia zito, nikamwonyesha kitufe cha kuanzisha kanda, nikakaa dakani, kwenye kibaraza cha mlango, kungoja sifa. Kumbe yeye ameona kijiti, akadhani ni uchafu, akakitupa.

Bibi akaanza, "Bismillahi," na juu yake nikaja mimi: "Amu hakuna mwenye masikio! Na huyo bwana harusi, kitwa kama nazi isiyofuliwa! Zena angeningoja mimi mwenye diploma!"

"Zimani! Zimani!" nikapiga kelele. Nani anisikie, wakati ninashindana na mimi mwenyewe kwenye spika? Nikafanya lisilofanywa na mwanamume yeyote mwenye akili. Niliingiza kichwa.

Wallahi sikuona kitu ila buibui zikiruka na kiatu kikija. Kilinipata kwenye paji la uso, nikakitambua, ni cha mama yangu, nilimnunulia mimi. Nikatoka. Ndani kanda ikazimwa, mama wa bwana harusi akasema, "Nazi hiyo naijua, nimeilea mimi," wanawake wakaangua kicheko, lakini katikati ya kicheko nikamsikia Zena analia: "Bado sijamsikia bibi. Msinitie hina."

Bi Shamsa akaja paziani. "Wewe fundi, itoe sauti yako juu ya mama yangu!"

"Kandamiza kitufe cha nne, mwisho kabisa."

"Kipi hicho? Nimevishusha na kuvikandamiza vyote, hata mama hasikiki."

"Basi niingie."

"Uingie wapi! Kitwa kimetosha. Lete mkono."

Nikapiga magoti dakani, nikapenyeza mkono wa kulia chini ya pazia hadi begani, wakaniwekea mashine chini ya vidole, wakaianza kanda upya, nikapapasa, nikapandisha kitufe cha kwanza, nikakandamiza cha nne na kukishikilia. Bibi akatoka peke yake, safi, akimwombea Zena beti kwa beti, na tendi za mabibi si fupi. Waliokwenda kuswali wakanipitia. "Bwana fundi, waabudu nini hapo?" Nikawajibu kwa heshima yangu yote, "Niko kazini."

Nilimsikia Zena akivuta kamasi na kuitikia amin. Kisha nikamsikia mama yangu: "Mkono huu nimeuzaa mwenyewe. Leteni piko."

Ningefanyaje? Nikiinua kidole, nazi inarudi mbele ya mama mtu. Nikatulia, kijiti chenye rangi nyeusi ya piko, baridi, kikanitembea kutoka kiwikoni hadi kwenye kucha, maua na majani, taratibu kabisa.

Piko haitoki kwa sabuni, wala kwa spiriti, nimejaribu. Siku ya walima nikapangwa kwenye sinia moja na bwana harusi, na wali hauliwi kwa mkono wa kushoto. Akautazama mkono, akanitazama usoni, akanisogezea pande la nyama. "Kula, bi harusi," akasema, "usione haya."

Nimeapa: kanda yoyote yenye neno nisilotaka lisikiwe na mama wa mtu, naifuta kabla sijainuka kitini. Wale walimu walionitilia saini diploma hakuna hata mmoja aliyenifundisha hilo, na sasa nina mashaka makubwa na elimu yao.